Chumba cha Magurudumu Chahitaji Moto Kiasi Gani?

Mgeni atazamaye ramani ya Afrika Mashariki na kuona kwamba Runazi iko chini ya nyuzi tatu kusini ya ikweta aweza kudhani kwamba habari za kupasha vyumba joto ni habari za Wazungu na theluji yao. Akilala huko usiku mmoja wa Julai atabadili mawazo. Nchi hii ya vilima na misitu, iliyogawanywa kati ya wilaya za Biharamulo na Ngara mkoani Kagera, iko juu kuliko Ziwa Victoria, na ziwa hilo lenyewe liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi, mbingu inapotakata bila wingu, jua likishazama joto huondoka upesi, na kabla ya jogoo wa kwanza kipimajoto chaweza kusoma nyuzi 14 au hata 13 za Sentigredi.

Aliyelala katika nyumba yenye kuta nene za udongo haisikii sana baridi hiyo. Wazee wa nchi za magharibi ya ziwa walijenga nyumba ya msonge, ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na moto hukaa katikati. Tabaka la nyasi lenye unene wa mkono mzima limejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni miongoni mwa vitu vinavyopitisha joto kwa shida kabisa. Moshi hupenya polepole kwenye paa, na moto mdogo wa kuni mbili tatu hutosha usiku kucha. Waliojenga nyumba hizo hawakuandika hesabu yoyote, lakini kipimo cha moto walikuwa nacho.

Anayeisikia baridi ni yule aliyelala ndani ya bati. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, yakafika Lusahunga na Nyakahura, kisha yakagawanyika: mengine huelekea mpaka wa Rusumo, mengine Kabanga. Ni safari ya zaidi ya kilometa 1,200, na hakuna dereva aimalizaye bila kulala njiani. Wengi hulala ndani ya kebini, nyuma ya kiti, juu ya godoro jembamba. Kwa hiyo kebini ya lori ni chumba cha kulala chenye magurudumu, sawa na zile nyumba ndogo za kukokotwa na magari ambazo watu wa Ulaya na Marekani huenda nazo likizo. Swali linalowasumbua wenye nyumba hizo, yaani chombo cha joto kiwe na ukubwa gani, ni swali la dereva wa Lusahunga pia. Tofauti ni kwamba huyu wa Lusahunga mara nyingi hulijibu kwa jiko la mkaa, na jibu hilo huweza kumwua.

Yafaa kukumbuka kwa nini madirisha hufungwa. Ipo miaka ambayo misitu ya Biharamulo ilikuwa na majambazi, na magari yalipita kwa msafara wenye askari. Hali hiyo imebadilika sana, na tangu daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo vilipozinduliwa Aprili 2016 safari ya mpakani imekuwa nyepesi zaidi. Lakini desturi ya kufunga vioo vyote na kubana milango imebaki, kwa sababu ya mbu, ya wezi wa mafuta, na ya baridi yenyewe. Chakula kimekwisha kupikwa pembeni mwa barabara, makaa bado ni mekundu, na utingo anatetemeka. Humwambia dereva: “Mzee, tuingize jiko ndani kidogo, tutalitoa baadaye.” Usingizi ukishawachukua, hakuna wa kulitoa.

Joto hutorokea wapi

Mwaka 1701 Isaac Newton aliandika kwamba kitu chenye moto hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti ya joto kati yake na mahali kilipo. Tofauti ikiwa maradufu, joto litokalo nalo huwa maradufu. Kanuni hiyo, ingawa si sahihi kwa kila hali, yatosha kabisa kwa kazi ya kupima chumba kidogo. Kinachotakiwa kujulikana ni mambo matatu: ukubwa wa kuta zote pamoja na paa na sakafu; jinsi kila ukuta unavyopitisha joto; na tofauti kati ya joto la ndani linalotakiwa na joto la nje. Wengi hupima ujazo wa chumba tu, kana kwamba joto ni maji yanayojaza pipa. Lakini pipa hili lina matundu kila upande, na swali si kulijaza bali ni kumimina ndani kiasi kilekile kinachovuja.

Uvujaji huo hupimwa kwa wati, kizio kilichopewa jina la James Watt, yule fundi wa Skotlandi. Balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60, hutoa karibu nguvu yake yote kama joto; aliyewahi kuigusa ikiwaka anajua. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la kama wati 70. Kwa hiyo kila mwanadamu ni jiko dogo, na hesabu yoyote ya chumba cha kulala isiyowahesabu wenye kulala imekosea tangu mwanzo.

Tuchukue kebini yenye upana wa meta 2.2, urefu wa meta 2 kutoka mbele hadi nyuma, na kimo cha meta 1.6. Ujazo wake ni meta za ujazo 7. Ukijumlisha sakafu, paa na pande nne, eneo lote ni karibu meta za mraba 22. Katika hizo, meta 3 hivi ni vioo na 19 ni bati lililovikwa kitambaa na sifongo kwa ndani. Meta moja ya mraba ya kioo kitupu hupitisha karibu wati 6 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Bati lililovikwa kidogo hupitisha kama wati 3. Basi vioo vinavujisha wati 18 na bati wati 57, jumla wati 75 kwa kila nyuzi moja.

Bado hewa. Watu wawili wanahitaji hewa safi, tuseme meta za ujazo 50 kwa saa, nayo lazima ipashwe kila inapoingia. Katika mwinuko wa Biharamulo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani; meta moja ya ujazo ina uzito wa karibu kilo moja. Kuipasha hewa hiyo yote kwa nyuzi moja kunataka wati 14. Kwa hiyo kebini hii inapoteza karibu wati 90 kwa kila nyuzi moja inayozidi joto la nje.

Nje kuna nyuzi 14. Waliomo ndani wanatamani nyuzi 20. Tofauti ni nyuzi 6, na 6 mara 90 ni wati 540. Ondoa wati 140 za miili miwili. Zinabaki wati 400. Huo ndio ukubwa wa chombo cha joto kinachohitajika, nao haufiki hata nusu ya nguvu ya pasi ya umeme ya kawaida. Wakikubali nyuzi 18 badala ya 20, ambazo chini ya blanketi zinatosha, hesabu hushuka hadi wati 220.

Katika malori ya kale, yale yaliyokuwa na bati tupu bila kitu ndani, kila meta ya mraba ya bati huvujisha wati 6 kama kioo. Hapo kebini ileile ingepoteza karibu wati 146 kwa kila nyuzi, na ingetaka chombo cha zaidi ya wati 700 kwa usiku uleule. Sifongo na kitambaa, vitu ambavyo fundi wa viti hushona kwa siku moja, vinapunguza hitaji hilo karibu nusu.

Jiko la mkaa lawekwa mizanini

Sasa lipimwe lile jiko. Kilo moja ya mkaa mkavu ina nguvu ya karibu megajuli 29. Jiko dogo likiteketeza gramu 300 kwa saa, basi linatoa kama wati 2,400. Chumba kilitaka 400. Jiko ni kubwa mara sita kuliko haja, na ndiyo sababu dakika chache tu baada ya kuingizwa kila mtu huvua koti na kusema kwamba mambo ni mazuri. Uzuri huo ni dalili ya kwanza ya hatari, kwa kuwa ndio unaoleta usingizi.

Mkaa ni kaboni karibu tupu. Kaboni ikipata hewa ya kutosha huungua na kuwa kaboni dayoksidi. Lakini katikati ya fungu la makaa mekundu hewa haitoshi, na sehemu ya kaboni huungua nusu tu, ikawa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Kuni zinazotoa moshi humfukuza mtu chumbani. Mkaa hauna moshi, na wapishi huusifu kwa hilo. Sifa hiyo ya jikoni hugeuka mtego katika chumba kilichofungwa.

Kilo moja ya mkaa hutoa gramu nyingi za gesi hiyo, kwa kawaida zaidi ya 150. Tuchukue 150 tu, ili jiko lisionewe. Gramu 300 za mkaa kwa saa zitatoa gramu 45 za kaboni monoksidi, ambazo katika mwinuko huu zinajaza karibu lita 46. Kebini ina lita 7,000. Ikiwa hakuna hewa inayoingia, baada ya robo saa hewa ya ndani itakuwa na sehemu zaidi ya 1,600 za gesi hiyo katika kila milioni. Kwa kiwango hicho kichwa huuma na mtu hutapika ndani ya dakika 20 hivi, na katika muda wa saa mbili aweza kufa. Na jiko halizimiki baada ya robo saa.

Wapo wanaojibu kwamba wao huacha kioo wazi kidogo. Jibu hili lastahili kupimwa kwa uzito, kwa sababu ndilo linalowapa watu wengi moyo. Upenyo mdogo ukiingiza meta za ujazo 50 kwa saa, kiasi kilekile kilichotajwa kwa ajili ya kupumua, gesi itatulia kwenye sehemu 920 hivi katika milioni. Bado ni sumu ya kuua kwa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu asivute, kwa muda wa saa moja, zaidi ya sehemu 30 hivi katika milioni. Ili jiko hilo lisivuke kiwango hicho, hewa ya meta za ujazo zaidi ya 1,500 ingepaswa kupita ndani ya kebini kila saa; yaani hewa yote ibadilishwe mara zaidi ya 200 kwa saa. Kuipasha hewa hiyo kwa nyuzi 6 kungetaka wati 2,500. Jiko linatoa 2,400. Maana yake ni kwamba kioo kikifunguliwa kiasi cha kuondoa sumu, joto lote la jiko litatoka kwa dirisha hilohilo. Hakuna kipimo cha kioo kitakachobakiza joto na kutoa sumu.

Ni kwa nini gesi kidogo hivyo ina nguvu kubwa hivyo? Katika miaka ya 1850 Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba huishika damu mahali palepale pa oksijeni. Ile himoglobini, yaani protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni, huipenda kaboni monoksidi zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Mgeni huyu akishakaa kitini haondoki upesi. Mtu anaendelea kupumua vizuri, mapafu yake yanafanya kazi, lakini damu inapita mwilini haina mzigo. Katika nchi za juu, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani, oksijeni ilikuwa imepungua tangu mwanzo, na mshindani wake anapata nafasi rahisi zaidi.

Katika miaka ya 1890 Mwingereza John Scott Haldane, aliyechunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe, alipendekeza wachimbaji waingie shimoni na panya au ndege wadogo. Wanyama hao hupumua haraka kuliko mtu, kwa hiyo huanguka kwanza. Dereva hana ndege. Ana dalili zake mwenyewe, na kwa bahati mbaya dalili hizo ni za udanganyifu: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kulegea. Mtu wa safari huziita uchovu au malaria, humeza vidonge viwili na kulala tena, palepale penye sumu.

Aliyekutwa katika hali hiyo atolewe nje mara moja, azungukwe na hewa, na apelekwe hospitali apewe oksijeni. Akipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyo katika damu huchukua saa nne au tano kuondoka. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu. Kwa wahudumu wa zahanati kuna jambo la kuangaliwa sana. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupimia oksijeni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, maana zote mbili ni nyekundu. Chaweza kuonyesha 98 kwa mgonjwa anayekufa. Habari ya jiko lililokuwa chumbani ina thamani kuliko tarakimu za kifaa hicho.

Injini, mashine ya dizeli na betri

Njia ya pili inayotumiwa ni kuacha injini ikiunguruma usiku kucha. Inapasha kweli, lakini injini ya lori kubwa ikiwa imesimama hunywa lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa. Kwa saa 8 ni lita 16 hadi 24, zote kwa ajili ya wati 400. Tena, gari likiwa kuukuu na bomba la moshi limetoboka, moshi huo nao hupata njia ya kuingia ndani kupitia sakafu.

Malori mengi yaliyotumika Ulaya kabla ya kuletwa Afrika Mashariki yana mashine ndogo ya joto chini ya kitanda. Makampuni ya Ujerumani kama Webasto na Eberspächer hutengeneza mashine hizo. Dizeli huungua ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa. Hewa ya kuunguzia huvutwa kutoka nje na moshi hurudishwa nje kwa bomba, na hewa ya ndani ya kebini hupita upande wa pili wa chuma ikapata joto bila kukutana na moshi. Kwa kanuni ni chombo salama, mradi bomba lake la moshi halijakatika, na fundi asiyelijua asije akaligeuza upande wa mlangoni.

Madereva wengine hawaijui kazi yake. Wengine wakiijua huona kwamba haiwafai, kwa sababu huwaka, huzima, hutoa moshi mweusi, kisha hufa. Sababu ni ukubwa. Mashine za namna hiyo zilizo ndogo kabisa hutoa kama wati 2,000 zikiwashwa kikamilifu, na zikipunguzwa hadi mwisho bado hutoa 850 au 900. Kwa Ulaya kipimo hicho ni sahihi. Kebini iliyotandikwa vizuri, inayovuja wati 60 kwa kila nyuzi, ikiwa nje kuna nyuzi 10 chini ya sifuri na ndani nyuzi 20, inapoteza wati 1,800. Mashine ya 2,000 hufanya kazi kwa raha. Ikiletwa Runazi, kwenye haja ya wati 400 au 220, huwa kama ng'ombe wa kukokota aliyefungwa kwenye toroli la mtoto. Moto wake haupati joto kamili, masizi hujenga ukoko ndani, na kila inapowaka upya kile kiwashio chake hunyonya betri. Aliye nayo na anataka kuitumia afanye kinyume cha anavyodhani: aiwashe kwa nguvu zote kwa nusu saa kabla ya kulala, kioo kikiwa wazi kidogo, kisha aizime. Mashine ya wati 4,000, ambayo muuzaji ataisifu kuwa ni bora kwa sababu ni kubwa, itaharibika upesi zaidi.

Umeme wa betri nao una hesabu yake. Lori lina betri mbili ambazo kwa pamoja, zikiwa mpya na zimejaa, hubeba kama kilowati 4 za saa. Hita ya wati 400 ikiwaka saa 8 hutumia 3.2. Asubuhi lori halitawaka, na usukani wa gari lililokufa njia ya Nyakahura ni mzigo ambao hakuna anayeuhitaji. Betri zinaweza kustahimili wati 40 au 50, si zaidi.

Kwa hiyo mwenye kebini katika nchi hii yuko katikati: haja yake ni ndogo mno kwa mashine za Ulaya, na kubwa mno kwa betri. Pengo hilo halizibwi kwa kutafuta moto mkubwa zaidi. Huzibwa kwa kupunguza kinachovuja, na kwa kupasha mtu badala ya kupasha chumba.

Kwanza ni paa. Usiku wa mbingu safi, bati hutuma joto lake juu angani kwa mnururisho, ile njia ambayo joto la jua hutufikia bila kubebwa na hewa. Mbingu isiyo na mawingu hairudishi sana. Hivyo paa la lori hupoa hata kuliko hewa inayolizunguka, na ndiyo sababu alfajiri huwa limelowa umande ilhali hakuna mvua iliyonyesha. Mkulima wa Runazi anaujua umande huo: hulowesha majani ya uwanjani, lakini chini ya mgomba wenye majani mapana ardhi huwa kavu. Lori lililoegeshwa chini ya mti mkubwa, au chini ya banda la kituo cha mafuta, hulala na paa lenye joto zaidi kuliko lililo uwanjani. Turubai likitandazwa juu ya kebini na kuachiwa nafasi ya vidole vichache, nalo hufanya kazi ya jani la mgomba.

Pili ni vioo. Pazia zito lililobana pande zote hupunguza uvujaji wa kioo kutoka wati 6 hadi kama 4. Kwenye bati, mkeka wa sifongo wenye unene wa kutosha huweza kupunguza wati 3 kuwa moja na nusu. Kwa meta 19 za mraba na tofauti ya nyuzi 6 hiyo ni akiba ya wati 170, yaani zaidi ya joto la watu wawili. Sakafu isisahauliwe, kwa kuwa upepo hupita chini yake.

Hesabu hii hii inafaa vyumba vingine vya safari: gari la kliniki linalozunguka vijijini, ambamo watoto wachanga huvuliwa nguo ili wapimwe uzito asubuhi ya baridi, au hema la warina asali msituni. Hema ni gumu kuliko lori, kwa maana kitambaa chake kinapitisha joto kama kioo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco wilayani Ngara ikajaa vibanda vya turubai la plastiki. Kumpasha mtu aliye chini ya plastiki kwa kupasha hewa ya kibanda ni kazi isiyo na mwisho. Blanketi moja zaidi humsaidia kuliko mzigo wa kuni.

Wafugaji wa kuku wana kipimo chao ambacho wenye magari wangeweza kukionea wivu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na ukubwa wa taa ya kulelea haujulikani kwa kusoma kibandiko chake. Vifaranga wakirundikana chini ya taa, joto halitoshi. Wakikimbilia pembeni na kutanua mabawa, limezidi. Wakitapakaa sawasawa wakila, basi taa hiyo ni ya kipimo chake. Mwanadamu aliyelala hana adabu hiyo. Joto likizidi, huzidisha usingizi.

Kuhusu kupasha mtu, chombo kiko tayari nyuma ya kiti cha kila lori: kidumu cha lita 5. Maji ya nyuzi 60, yasiyo ya kuchemka ili plastiki isilegee, yakitiwa humo, kifuniko kikakazwa na kidumu kikaviringishwa shuka au kanga, kikawekwa miguuni chini ya blanketi, yatapoa hadi nyuzi 30 katika muda wa saa nne hivi. Kwa muda huo hutoa wastani wa wati 44, palepale penye mwili, ambapo hakuna kioo wala bati la kuziiba. Hayatoi gesi, hayanyonyi betri, na joto lake linapungua lenyewe wakati ambapo kitanda kimekwisha kupata moto. Vidumu viwili kwa watu wawili vinafikia karibu wati 90. Ukiongeza pazia, mkeka wa sifongo na mti wa kuegeshea, sehemu kubwa ya zile wati 400 imekwisha kupatikana.

Maji hayo huchemshwa kwenye jiko lilelile la mkaa, nje, hatua kumi kutoka kwenye lori, likiachwa hapohapo mpaka majivu. Alfajiri, yakiwa vuguvugu bado, humfaa utingo kwa kunawa uso kabla ya kukagua magurudumu.